Vitunguu Vilivyooga

Watu wengi wanaamini kwamba muuza vitunguu akilia, analizwa na vitunguu. Mwaka niliofiwa na mume wangu niliitumia imani hiyo bila haya. Nilikaa katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, nyuma ya lundo langu, machozi yakanitoka yenyewe, na wateja wakanihurumia kwa sababu isiyohusika. "Pole maman, bitunguu biko bikali hivi?" wakasema. Nikajibu, "Biko bikali." Huo haukuwa uongo. Vilikuwa vikali kweli, ila vilikuwa vizima, na kitunguu kizima chenye maganda yake hakimtoi mtu machozi. Jirani yangu wa meza ya pili, mama anayeuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, alilijua hilo kuliko wote, lakini alininyamazia. Kunyamaza si kipaji chake, kwa hiyo mpaka leo namshukuru.

Nalitaja jambo la uongo mapema kwa sababu nina udhaifu mmoja ulioniharibia mengi: nikiulizwa moja kwa moja, nasema. Nisipoulizwa naweza kukaa kimya mwaka mzima. Lakini swali likija limenyooka, jibu linatoka kabla sijalivalisha nguo. Mume wangu alikuwa akicheka na kusema kwamba mimi sifai kuvusha magendo mpakani, hata mfuko wa chumvi.

Kazi yake ilikuwa kuchoma dhahabu. Inasikika kama kazi ya mtu tajiri, nasi tulikuwa na paa linalovuja. Wachimbaji wa milimani huchanganya zebaki na mchanga wao; zebaki inakamata dhahabu, vinakuwa donge jeupe laini, na donge hilo ndilo linaloletwa mjini. Mume wangu aliliweka kwenye kifuniko cha chuma, akalipulizia moto, zebaki ikapaa kama moshi na dhahabu ikabaki. Moshi ulikwenda wapi? Sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kujiuliza. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, karibu na jiko langu, kwa hiyo jibu halikuwa mbali.

Mikono yake ilianza kutetemeka. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Nilimtania kwamba anatetemeka kama bwana harusi, na tukacheka, kwa sababu hatukujua kingine cha kufanya. Halafu ufizi ukaoza, halafu miguu ikavimba, na hospitali wakasema figo zimekufa. Daktari alipouliza kazi yake, alitikisa kichwa na kuandika kitu. Mtaani walisema amelishwa sumu, na kila jirani alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Mimi nilimshuku mmoja tu: chupa ya zamani ya soda iliyokaa kwenye rafu ya kibanda, nzito kupita chupa zote, yenye zebaki ndani. Nilikuwa na uhakika kama hakimu ambaye bado hajasikiliza kesi.

Ingekuwa vizuri niseme kwamba nilikichukia kibanda. Nilikichukia. Pia kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni niliingia humo, nikafunga mlango, nikaketi kwenye kiti chake cha mbao. Ndugu zake walikuwa wamechukua nguo, redio na viatu kama desturi inavyoruhusu, lakini kiti hicho hakuna aliyekitaka, kwa kuwa mguu wake mmoja ni mfupi. Niliketi nikiyumba. Humo ndani palinuka makaa na jasho lake. Mtu mwenye akili angechagua moja, kukichukia kibanda au kuketi ndani yake. Mimi nilifanya yote mawili kila siku, kwa zamu.

Aliyenisumbua ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Ni mtu mwema mwenye sauti kubwa; akikusalimu, mtaa mzima unajua umesalimiwa. Alikuwa amepata mchomaji mpya na alitaka kukifungua kibanda tena, ili mimi na mjukuu wangu tupate cha kula. Alilisema hilo kwa upendo, ndiyo maana lilikuwa gumu kupinga. Mjukuu wangu huyo ni mtoto wa binti yangu anayefanya kazi Goma. Alijifunza kutembea akishikilia mabati ya kibanda kile, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kupika ugali wa tope katika mfereji unaotoka humo.

"Ile moshi njo iliua kaka yako," nilimwambia shemeji.

"Nani alikuambia vile? Papa yetu hakuonaka zebaki hata siku moja, na alikufa na figo vilevile."

Shule niliiacha mwisho wa msingi, na huko walitufundisha mito ya nchi na sala. Habari za moshi hatukufika.

"Unilete mutu mwenye anajua," akasema. "Siku ya kutosha matanga, mbele ya famili yote, nitasikiliza. Kama hakuna, nitafungua kibanda. Shemeji, si kwa ubaya."

Siku ya kuondoa matanga haikuwa mbali. Na mtu mwenye kujua, mimi ningemtoa wapi? Niliowajua ni wauza nyanya.

Alikuja mwenyewe, kununua vitunguu. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, akishika kitunguu kimoja kimoja na kukigeuza kutazama kitako chake, pale mizizi inapotokea. Mteja anayetazama kitako cha kitunguu huwa anatafuta ugomvi wa bei. Huyu hakuuliza bei.

"Maman, natafuta ya ukubwa moja, bikavu, bisikuwe bimeota."

"Unaenda kubioa?" akauliza mama wa sambaza.

"Hapana, maman. Naenda kubipa sumu."

Meza zote zilicheka, naye akaona haya, akaeleza. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha mtaa wa Ibanda, anaandika kazi yake ya mwisho. Unaweka kitunguu juu ya bilauri, kitako kinagusa maji, mizizi inashuka. Ndani ya mizizi michanga seli zinagawanyika kila wakati. Ukitia sumu ya viwandani au ya machimbo katika yale maji, unaweza kuona kama inavunja a-de-en, ile ambayo wengine huiita DNA, iliyomo ndani ya seli zikiwa bado hai.

"A-de-en njo nini?" nikauliza.

Akafikiri. Karibu na meza yetu yuko fundi cherehani, na msichana akamnyooshea kidole. "Unaona ile patroni yake, ile karatasi mwenye anakatiaka nguo? Kila seli iko na patroni ndani. Seli ikitaka kuwa mbili, inakopi patroni, kila moja inachukua yake. Kama patroni imepasuka, nguo itatoka vibaya."

"Kwa hiyo kitunguu iko na patroni?" mama wa sambaza akauliza.

"Iko."

"Na miye?"

"Na weye, maman."

"Basi ya kwangu ilikatwa na fundi mulevi."

Nilingoja wamalize kucheka, nikauliza anataka kupima sumu gani. Akasema zebaki. Kitunguu kilichokuwa mkononi mwangu kikaanguka, kikashuka mteremko wa soko mpaka kwenye miguu ya watu, na sikukifuata.

Tangu siku hiyo nilimwita mademoiselle. Nilimwambia habari za kibanda, akaja nyumbani na glavu na barakoa, akachota maji ya mfereji katika chupa. Alipochungulia ndani aliona kiti, na vumbi lote limefutika pale ninapokalia.

"Nani anaikalaka humu?"

Amenyoosha swali. "Miye. Kila asubuhi."

Akashusha barakoa kidogo ili nimsikie vizuri. "Maman, zebaki haijaondoka na papa. Iko ku udongo, ku mabati, hata mu mbao ya ile kiti. Jua likichoma mabati, inapanda tena, weye unaivuta."

Nilimwambia najua. Sikujua. Kesho yake niliketi tena, lakini nilipumua kidogo kidogo, nikidhani hiyo ndiyo sayansi.

Sasa nifike kwenye vitunguu. Mademoiselle alikuwa ameagiza vya kutosha kwa bilauri zake zote. Kwetu sokoni mteja wa kawaida anachukua kitunguu na udongo wake wa mashamba ya Kavumu. Mteja mkubwa, kwa mfano mwenye harusi, tunamsafishia: tunaondoa maganda yanayopeperuka, tunaosha, tunasugua na kitambaa mpaka vinang'aa, ili ajue amenunua kwa watu wenye adabu. Nami nikajiuliza, kama harusi inaoshewa kwa maji, chuo je? Maji matupu yalionekana kama dharau. Nikatoa sabuni bora kuliko zote zilizokuwa nyumbani, ambayo ni sabuni yangu ya uso.

Sabuni ile inahitaji maelezo. Haiuzwi mezani, inatoka mkobani mwa mama mmoja, imekatwa vipande, haina karatasi wala jina. Inang'arisha. Nilianza kuitumia nilipokuwa mke kijana, nikiamini kwamba mume wangu anapenda. Sikuwahi kumwuliza hilo pia. Naona sasa kwamba ndoa yetu ilijengwa juu ya maswali tusiyoulizana. Siku moja, akiwa ametoka kibandani, aliniambia uso wangu unang'aa kama dhahabu iliyotoka motoni, na kwa neno hilo nikaosha uso miaka yote iliyofuata. Hata alipokufa sikuacha. Nilivaa nguo nyeusi ya msiba na uso mweupe wa sherehe. Mikono na miguu vilibaki na rangi yangu ya kuzaliwa, hivyo mtu akinisalimu kwa mkono aliweza kudhani amewasalimu watu wawili.

Basi nikavilaza vitunguu katika beseni la povu usiku kucha, na asubuhi nikavisugua kimoja kimoja kwa kidole gumba, hasa kwenye kitako, kwa kuwa nilimwona anapatazama hapo. Vilinukia kama mimi siku ya Jumapili. Mademoiselle alipokuja kuvichukua alishika mashavu.

"Maman, biko bizuri sana!"

Sikusema nimevifanya nini. Hakuniuliza.

Mizizi ilipokwisha kukua aliniita chuoni nione. Alitakiwa kuwa na safu tatu dirishani: vitunguu juu ya maji safi, vitunguu juu ya maji aliyoyatia zebaki ya kupimwa, na vitunguu juu ya maji ya mfereji wangu. Ile ya maji safi ndiyo inayokuambia jinsi kitunguu kizima kinavyopaswa kuwa. Nilivaa kitenge changu kizuri na uso wangu mzuri, nikaenda kuona hukumu.

Mademoiselle alikuwa amesimama mbele ya bilauri. Safu zote tatu zilikuwa na mizizi mifupi, ya hudhurungi, imejikunja kama kucha za kuku. Hata ile ya maji safi.

"Ni vizuri?" nikauliza.

"Ni vibaya, maman. Kama mizani inasoma kilo kabla hujaweka sambaza, utapima nini?"

Aliyabadilisha maji mara nyingine, akachukua vitunguu vingine katika vile nilivyomletea, akachemsha bilauri. Ikawa vilevile. Alishuku bomba, akashuku chumba, mwishowe akajishuku mwenyewe. Profesa wake alikuwa amemwambia kwamba mtu mchafu wa mikono hafai kufanya kazi ile. Nilimwonea huruma sana, nikamletea ndizi.

Siku hiyo ya ndizi alinionyesha hadubini. Alikuwa amekata ncha ya mzizi, akaitia rangi nyekundu, akaigandamiza juu ya kioo. Niliinama, nikaona kitu cheusi kirefu kimepinda, nikakisifu. Nilikisifu kwa muda mrefu kabla hajaniambia kwamba natazama ukope wangu mwenyewe. Halafu nikaona. Vyumba vidogo vimepangwa kama matofali, na katika kimoja nyuzi zimegawanyika makundi mawili, moja linakwenda huku, moja kule, kama watu kwenye msiba, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Lakini katikati uzi mmoja ulikuwa umenyooshwa kutoka kundi hili hadi lile, umekataa kuachia. Na pembeni palikuwa na kipande kidogo kimebaki peke yake, hakuna kundi lililokichukua.

"Ile uzi haikutakiwa kubakia hapo," akasema mademoiselle. "Na ile kipande ilikatika. Njo patroni imepasuka."

Nikalia juu ya hadubini yake. Nilijitetea kwamba ni vitunguu, na safari hii walau vilikuwa vimekatwa kidogo.

Akanipa kitambaa, akaketi, akauliza kama mtu aliyechoka: "Maman, hivi bitunguu bilipigwa dawa ku shamba?"

"Sijue. Ni bya Kavumu, kama byote."

"Na weye, kuko kitu ulibifanyia?"

Swali limenyooka.

"Nilibiosha."

"Na maji?"

"Na sabuni."

"Sabuni gani?"

Nikanyanyua kidole nikagusa shavu langu. Mademoiselle alinitazama usoni. Mwanzo alitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mama wa watu. Halafu, pole pole, akasogeza miwani na kunitazama kama alivyokuwa akitazama vile vioo. Macho yakashuka kwenye mikono yangu, yakarudi usoni.

"Mama yangu we," akasema.

Nilitegemea anifukuze. Alicheka mpaka akashika meza, na nadhani alicheka kwa sababu mikono yake ilikuwa safi. Akanieleza kwamba sabuni nyingi za aina hiyo zina zebaki. Ndiyo inayozuia ngozi isitengeneze weusi wake. Lakini akasema hataki kukisia, atapima. Alinunua vitunguu vipya ambavyo havijaoga, akavinunua kwa muuzaji mwingine, kwa ajili ya usalama wa sayansi. Iliniuma, ingawa nilielewa. Akaongeza safu ya nne, ya maji yaliyoyeyushiwa kipande cha sabuni yangu. Alipofika kwenye hadubini alifunika majina ya vioo vyote, ahesabu bila kujua anatazama maji gani, ili moyo wake usimpendelee mtu.

Safari hii vitunguu vya maji safi vilitoa mizizi mirefu, myeupe, kama ndevu za mzee aliyestarehe. Vya mfereji vilijikunja, na ndani yake kulikuwa na nyuzi zilizokatika nyingi kuliko za maji safi. Vya sabuni yangu karibu havikutoa kitu. Nilikuwa nimekuja kuushtaki moshi wa marehemu, na sabuni ya mjane ikaushinda mfereji.

"Kwa hiyo zebaki njo ilimuua bwana yangu," nikasema.

"Sikusema vile, maman. Ninasema hii maji inavunja a-de-en ya kitunguu. Mutu haiko kitunguu. Papa sikumupima." Akafikiri kidogo. "Lakini miye sitaacha mutoto apike ugali mu ule mufereji."

Akanipa vitunguu viwili katika bilauri zake nionyeshe familia, cha maji safi na cha mfereji. Cha tatu, cha sabuni, nilikiomba mwenyewe, sijui kwa nini. Akaniambia pia sabuni iliyobaki nisiitupe chooni wala shimoni. Niifungie katika chupa nimrudishie.

Siku ya kuondoa matanga mama wa sambaza alikuja mapema kunisaidia kupika. Alipoona bilauri tatu jikoni aliuliza, nami nikamweleza yote.

"Ya sabuni uiache hapa, mujinga weye. Unataka kujifunga mwenyewe?"

Nikaiacha nyuma ya sufuria. Padri alipokwisha kumwombea marehemu na kuondoka, watu wakiwa wamekula na nguo yangu nyeusi imekwisha kuvuliwa, nilisimama mbele ya ndugu wa mume wangu nikiwa na bilauri moja kila mkono, kama mtu anayehudumia kwenye harusi. Nikaeleza patroni, nikaeleza nyuzi. Wazee walisogea, wakatazama mizizi mirefu na mizizi iliyojikunja. Shangazi mmoja alifanya ishara ya msalaba. Nikaona shemeji yangu ameanza kulegea. Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kiasi cha watu wengine.

"Njo hizi mbili tu mulipima?" akauliza.

Nilimtazama mama wa sambaza. Alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu zote.

"Kuko ya tatu," nikasema.

Nilikwenda kuileta. Nilipoeleza ni maji ya nini, uwanja wote ulilipuka. Wanaume walipiga mapaja. Wanawake walicheka kidogo na kujitazama mikono, maana mule uwanjani sikuwa peke yangu mwenye rangi mbili.

"Kumbe zebaki iko mu nyumba tangu zamani!" shemeji alipaza sauti yake yote, imerudi. "Iko ku uso ya bibi! Munafunga kibanda ya bure. Kaka alilalaka pembeni ya nani?"

Alitania tu. Lakini swali lilikuwa limenyooka.

"Pembeni yangu," nikasema.

Kicheko kilikatika. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo tangu siku ya safu ya nne, kila nilipojilaza. Sijui kama kuna mtu anayeweza kulipima. Sikumwuliza mademoiselle, kwa kuogopa kwamba naye ana ugonjwa kama wangu wa kujibu.

Shemeji alikohoa. Hakuwa mtu wa kuumiza, na alijua ameumiza, basi akatafuta mlango wa kutokea kwa mzaha. "Sawa, shemeji. Tufanye hivi. Weye uache sabuni yako, na miye nitaacha kibanda. Lakini nawajua banamuke."

Watu walicheka tena, kwa nafuu. Nikaingia ndani, nikatoka na chupa niliyofungia sabuni, nikamwekea mkononi.

"Isitupwe chooni," nikamwambia. "Mademoiselle alikataza."

Alibaki ameishika, hajui aiweke wapi. Baadaye nilisikia aliipeleka Ibanda mwenyewe, akamkabidhi yule msichana mlangoni kwa mikono miwili, kama anarudisha mtoto wa watu.

Lakini ahadi ya mzaha haifungi kibanda, na shemeji alisema atangoja aone uso wangu kwanza. Hivyo uso wangu ukawa bilauri ya tano. Weusi haukurudi kwa utaratibu. Ulianzia kwenye paji, ukaruka pua, ukatokea kidevuni. Kila asubuhi mama wa sambaza alinisomea hali ya mambo kwa sauti, wateja wote wasikie.

"Leo uko ramani ya Congo! Ituri imekamata paji, Uvira imefika ku kidevu. Katikati bado batu banapigana."

Wateja walioniita maman mweupe walinipita bila kunitambua. Mjukuu wangu aliniambia nimechafuka, akaleta kitambaa anipanguse. Na shemeji alipita sokoni kila Jumamosi, akanunua vitunguu asivyovihitaji, akainama kunitazama shavu hili na lile bila haya, akasema, "Bado," akaenda zake. Nilitamani kumpiga na kitunguu. Kulikuwa na siku ambazo yule mama wa vipande vya sabuni alipita na mkoba wake, akanikonyeza, na mkono wangu ukasogea wenyewe. Sidai kwamba nilikuwa shujaa. Nilijua tu kwamba shemeji akiniuliza, nitasema.

Siku moja alikuja, akanitazama kwa muda mrefu, na hakusema "bado". Alisema, "Unafanana na mama yako." Kesho yake alikuja nyumbani na saruji, mbao na misumari.

Alianza na mfereji, akaufunika kwa saruji huku mjukuu wangu akimlilia jiko lake la ugali wa tope. Ile chupa nzito ya soda ilikwisha kuondolewa. Mademoiselle na watu wa chuo walikuja kuichukua. Yule mchomaji mpya alipata kibanda kingine, upande mwingine wa mlima, ambako sijui kuna watoto gani. Nilimwambia shemeji. Akafuta jasho. "Shemeji, uso yako haitoshe kwa Bukavu muzima."

Kisha akaegemeza mbao kwenye mlango wa kibanda. Niliona ndani kwa mara ya mwisho: rafu tupu, kifuniko cha chuma, na kiti kimeinama upande wa mguu mfupi, kama mwenyewe alivyokuwa akikaa akisikiliza redio. Tangu mademoiselle anikanye kwa mara ya tatu nilikuwa nimeacha kuingia, na asubuhi zangu hazikujua ziende wapi.

Shemeji alishika nyundo, akanigeukia. Alikuwa ameweka misumari mdomoni, akaitoa ili aniulize vizuri.

"Kuko kitu unataka tutoshe mu kibanda kwanza?"

Swali lilikuwa limenyooka kabisa. Nilisikia jibu limekwisha kupanda kooni, lina mguu mfupi, linanuka makaa. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kati yetu, ameshika kitenge changu kwa mikono yenye tope.

"Hakuna kitu," nikasema.

Akanitazama, uso wangu wa rangi moja, akaamini. Akapiga msumari wa kwanza.